Je, Wajua? Mbio za Baiskeli Zilizokufa na Kufufuka, Kuanzia Ujiji Hadi Kigali

Kwenye barabara ya Kigoma kwenda Ujiji baiskeli haijawahi kupotea. Alfajiri inashuka kutoka Mwandiga na madumu ya mawese, asubuhi inatoka Kibirizi na magunia ya dagaa, jioni inarudi Gungu na Mwanga ikiwa imepakia mtoto wa shule mbele na unga nyuma. Kilichofifia ni ile siku ambayo baiskeli hukusanyika kwa ajili yake yenyewe: resi, msafara, bonanza, watu wamejipanga kando ya barabara wakipiga vigelegele. Safari hii tumekusanya habari za siku za namna hiyo, zilivyozaliwa, zilivyokufa, na zilivyorudishwa. Mwambao wa Ziwa Tanganyika umo ndani ya habari hizi kuliko wengi wanavyodhani.

Je, wajua kwamba mwandishi wa habari Stanley aliingia Ujiji kabla baiskeli tunayoijua haijatengenezwa?

Tarehe inayotajwa mara nyingi ya kukutana kwake na Livingstone, mmisionari aliyekuwa akimtafuta, ni 10 Novemba 1871. Wakati huo Ulaya walikuwa na chombo chenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na aliyeanguka kutoka juu yake alianguka kwa kichwa. Baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma ilitolewa na John Kemp Starley huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, akapata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Barabara mbovu zikawa zinapitika, bei ikaanza kushuka, na vilabu vya baiskeli vikazuka kila mji.

Hapo ndipo ng'ambo ya ziwa letu inapoingia. Tairi la upepo lilihitaji mpira. Mpira mwingi ulitoka misitu ya Amazon, lakini sehemu nyingine kubwa iligemwa kwenye mitambaazi ya porini katika nchi ya Congo, ambayo kuanzia 1885 hadi 1908 ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Huko ndani ya misitu, mbali magharibi na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Walioshindwa walichapwa viboko, wake zao walishikwa mateka, wengine walipigwa risasi na mikono yao ikakatwa ili askari waonyeshe kwamba risasi haikupotea bure. E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, aligundua kwamba meli zilikuwa zikirudi Ulaya zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zikienda Congo zimebeba bunduki na risasi. Mwaka 1904 akaanzisha na wenzake chama cha kupigania haki za watu wa Congo.

Vilabu vilivyotoka kila Jumapili huko Ulaya na Marekani, na sare zao na kengele zao, viliendesha juu ya mpira huo. Historia ya mchezo huu ikiandikwa bila Congo, haijaandikwa.

Je, wajua kwamba chama kikubwa cha wapanda baiskeli Marekani kilipoteza karibu wanachama wake wote ndani ya miaka minne?

League of American Wheelmen kilianzishwa 1880. Kufika 1898 kilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000, na ndicho kilichoongoza kampeni ya kudai barabara nzuri wakati magari ya kuyahesabu yalikuwa machache. Mwaka 1902 hawakufika hata 10,000. Wenye fedha walikuwa wamehamia kwenye vyombo vya injini, na baiskeli ikaanza kuhesabiwa kuwa kitu cha watoto.

Chama hicho kilikuwa kimejikata mkono mapema. Mwaka 1894 kilipitisha kanuni ya kuwazuia watu weusi kujiunga. Miaka mitano tu baadaye, 1899, Mmarekani mweusi aitwaye Major Taylor akawa bingwa wa dunia wa mbio fupi huko Montreal. Mchezo ulikuwa na shujaa wake, na chama chake kilikuwa kimemfungia mlango. Chama hicho kilifufuliwa miaka ya 1960, sasa kinaitwa League of American Bicyclists, na kanuni ile ya aibu ilifutwa rasmi 1999.

Je, wajua kwamba Mpolandi mmoja alivuka Afrika kwa baiskeli, akaenda na kurudi, miaka ya 1930?

Kazimierz Nowak aliondoka Tripoli, Libya, mwaka 1931 na baiskeli ambayo tayari ilikuwa kuukuu. Akafika ncha ya kusini ya Afrika, kisha badala ya kupanda meli akageuza, akapita njia nyingine mpaka Algiers alikofika 1936. Safari nzima ilikuwa ya kilomita kama 40,000, ikipita pia Congo na Rwanda, na pale baiskeli iliposhindwa alikwenda kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Alifariki 1937, muda mfupi baada ya kurudi kwao Poznań, na kwa miaka mingi alisahaulika. Kati ya 2009 na 2011 Wapolandi waliifufua safari yake kwa kupokezana vijiti: kundi moja likiendesha kipande chake cha njia, kisha likilikabidhi kundi jingine. Hivyo ndivyo safari ya mtu mmoja ilivyokuja kuwa ya watu wengi.

Je, wajua kwamba baiskeli nyeusi ya mizigo ina spoku nyingi nyuma kuliko mbele?

Hesabu mwenyewe. Phoenix ya Shanghai, Hero au Avon ya India, na Raleigh ya Nottingham ambayo ndiyo mama yao wote: gurudumu la mbele spoku 32, la nyuma 40. Waingereza walipanga hivyo kwa sababu uzito wa mpandaji hukaa nyuma. Hawakuwa wakimfikiria msafirishaji wa mawese wa Kigoma, ila ndiye aliyefaidika zaidi na zile spoku nane za ziada.

Itazame vizuri baiskeli inayotoka Mwandiga. Dumu moja la lita 20 likijaa mawese lina uzito kama wa kilo 18. Madumu mawili huning'inizwa ubavuni, moja kila upande, na moja au mawili hulazwa juu ya keria. Mzigo wa madumu manne ni kilo 72, yaani mtu mzima aliyekaa nyuma bila kusaidia kujishika. Keria ya dukani haiwezi kubeba hayo, kwa hiyo fundi huibadilisha: huongeza nondo, huchomelea vyuma viwili vya kushuka hadi kwenye ekseli. Kamba ni tyubu iliyochoka, iliyokatwa vipande virefu, kwa sababu mpira ukivutwa unabana na mzigo ukitikisika unatikisika nao. Mara nyingi breki za vyuma zimekwisha kazi siku nyingi, na mpandaji husimamisha chombo kwa kukandamiza soli ya kandambili kwenye tairi. Kwenye mlima anashuka anasukuma, mkono mmoja usukani, mwingine nyuma ya tandiko.

Gia ni moja tu. Mwanamichezo wa Ulaya hupewa baiskeli ya kilo saba na gari la kumfuata nyuma likiwa na magurudumu ya akiba. Ukitaka kujua kama mkoa wa Kigoma una watu wa kushindana, jibu linapita mlangoni kwako kila siku.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kuwa na baiskeli yake yenyewe?

Iliitwa Swala, na ilitoka kiwanda cha umma cha NABICO jijini Dar es Salaam. Wazee wetu wanaikumbuka kwa uzito wake na kwa jina lililokuwa rahisi kutamka. Kiwanda kilikwenda njia ya mashirika mengi ya umma ya enzi hiyo.

Je, wajua kwamba watumishi wa Serikali wana mbio zao za baiskeli, na kwamba ziliwahi kusimama kwa miaka kadhaa?

Michezo ya SHIMIWI huwakutanisha watumishi wa wizara, idara na ofisi za mikoa. Watu wengi wanaijua kwa kuvuta kamba na netiboli, lakini baiskeli imo, pamoja na bao, karata na drafti. Imo pia kwenye michezo ya Mei Mosi inayotangulia sikukuu ya wafanyakazi. Katikati ya miaka ya 2010 michezo ya SHIMIWI ilisimama, na ilirudi mwaka 2021 mjini Morogoro. Tangu hapo imekuwa ikihama mji hadi mji: Tanga 2022, Iringa 2023.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu resi hizi hazingoji bingwa wala baiskeli ya mamilioni. Mhasibu wa wizara na dereva wa ofisi ya mkoa wanavaa bukta, wanapanda, wanashindana, na kesho yake wanasimuliana. Michezo ilipositishwa, mhasibu yule hakununua baiskeli ili aendelee peke yake. Aliacha. Mtu mzima mwenye kazi na familia hukumbuka baiskeli pale tu inapokuwepo tarehe, timu na mtu wa kumpigia simu. Ndiyo maana michezo ikifutwa mwaka mmoja, hasara yake huenda miaka kumi.

Je, wajua kwamba Kanda ya Ziwa ndiyo iliyokuwa makao ya resi za baiskeli Tanzania?

Usukuma ni nchi ya tambarare, baiskeli kila boma, na wanawake wa huko wanaendesha bila kuulizwa. Ndiyo maana kampuni ya simu ya Vodacom ilipotaka kudhamini mbio miaka ya 2000, ilikwenda Mwanza. Vodacom Mwanza Cycle Challenge ilikuwa na wanaume, wanawake na watu wenye ulemavu, kila kundi na mbio zake, na iliwavuta waendeshaji wa Mwanza, Shinyanga, Arusha na kwingineko, chini ya macho ya Chama cha Mchezo wa Baiskeli Tanzania, CHABATA. Wiki ya mashindano, vijiji vizima vilihamia barabarani.

Udhamini ni baraka, na hakuna wa kuilaumu kampuni kwa kupeleka fedha zake inakotaka. Lakini mbio zenye jina la mdhamini hukaa mdhamini anapokaa. Bango likishuka, zawadi hukosekana, na waendeshaji wa daraja la juu hutafuta pengine. Mkulima wa pamba aliyekuwa akishindana na Phoenix yake hana pengine pa kwenda. Huyo ndiye aliyetakiwa kulindwa tangu siku ya kwanza, kwa resi ndogo za kata ambazo zawadi yake ni mbuzi na ambazo hazingoji hundi kutoka Dar es Salaam.

Je, wajua ni mwaka gani pikipiki ilitambuliwa rasmi kuwa chombo cha abiria Tanzania?

Ni 2010, zilipotoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Kabla ya hapo pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilikuwa zimeshajaa. Kijana aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli akahamia kwenye injini, na ni haki yake: miguu huchoka. Kilichouma ni kingine. Aliyebaki na baiskeli akaanza kuonekana ni mtu aliyeshindwa maisha, na aibu hiyo iliwaondoa vijana kwenye mbio za baiskeli kuliko ukosefu wa fedha ulivyowahi kuwaondoa. Mchezo hauwezi kukusanya watu wakati chombo chake kimegeuzwa kuwa alama ya kushindwa.

Je, wajua kwamba mbio za kuzunguka Eritrea zilikaa kimya zaidi ya nusu karne?

Zilifanyika mara ya kwanza 1946, Mwitaliano Nunzio Barrilà akashinda, na mwaka uliofuata hazikuwepo. Wakati wa ukoloni wa Kiitalia Waeritrea walikuwa wametengwa kwenye mashindano ya Wazungu, na hata hivyo mwaka 1939, waliporuhusiwa kushindana nao, Ghebremariam Ghebru aliwapita wote. Baadaye zikaja vita vya miaka 30 vya kudai uhuru. Mbio zikafufuliwa 2001, nchi ilipotimiza miaka kumi ya ukombozi.

Kimya hicho chote, baiskeli haikutoka Asmara. Watu waliendelea kuendesha kwenda kazini na kanisani, baba akimfundisha mwana, vilabu vya mitaa vikishindana Jumapili. Mbio kubwa ziliporudi, waendeshaji walikuwepo tayari. Machi 2022 Biniam Girmay, mtoto wa Asmara, alishinda mbio za Gent–Wevelgem nchini Ubelgiji. Mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Je, wajua kwamba Rwanda ilianza ufufuo wake kwa baiskeli za mbao?

Tour du Rwanda ilianzishwa 1988. Vita vilivyoanza 1990 na mauaji ya kimbari ya 1994 viliikata, na ikarudi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikiwa mbio ndogo za majirani. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alisaidia kuandaa sikukuu ya resi ambayo wakulima walishindana kwa vyombo vyao vya mbao vya kubebea viazi na majani ya chai, ndugu wa chukudu tunazozijua Goma. Watu walikuja kwa maelfu. Humo humo wakaonekana vijana wenye miguu ya ajabu, baadhi yao wakiwa wabeba abiria kwa baiskeli. Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981, akahamia huko kuwafundisha.

Mwaka 2009 Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya shirikisho la dunia la baiskeli, UCI. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari, alibeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London na kumaliza mbio za baiskeli za milimani. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu ilipoingia kwenye kalenda hiyo. Na kuanzia 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walizunguka kilomita 267.5 zenye vilima juu ya vilima, ukiwemo mteremko wa mawe ambao Wanyarwanda wanauita Kwa Mutwe, wao wakiupanda badala ya kuushuka. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, na kwa wanawake Magdeleine Vallieres wa Canada.

Mimi nashikilia ile siku ya 2006. Waandaaji walianza na chombo ambacho mkulima alikuwa nacho nyumbani. Kama wangeanza kwa kusema kila mshindani aje na baiskeli ya mbio, kofia ngumu na viatu vya kubana kwenye pedeli, wangepata washindani wachache wa mjini, na Rwanda ingebaki ilipokuwa.

Je, wajua kwamba majirani zetu wa kaskazini mwa ziwa wana waendeshaji ambao hawajawahi kuandikishwa kwenye mbio yoyote?

Barabara kuu ya kutoka Bujumbura inapanda kutoka usawa wa ziwa, mita kama 770 juu ya bahari, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Vijana wa Burundi huishuka na mikungu ya ndizi iliyofungwa mpaka baiskeli haionekani, kwa mwendo wa gari. Kurudi juu hushika nyuma ya lori kwa mkono mmoja. Wengi wamekufa kwa namna hiyo, na hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kuita jambo hilo mchezo. Ni njaa iliyojifunza ustadi. Machi 2022 serikali iliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji kwenye sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura, kwa sababu za usalama. Ustadi ule ungali pale mlimani, bila kocha na bila kofia ngumu.

Je, wajua kwamba msafara wa baiskeli unaweza kubadilisha ramani ya barabara?

Dar es Salaam, Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, ulianza miaka ya 2000 kupanga misafara ya kila mwaka katikati ya jiji. Haikuwa resi. Walikuwa wauza samaki, walinzi, mafundi na wanafunzi wakiendesha pamoja kudai njia salama. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, barabara yake ya Kimara hadi Kivukoni ilikuwa na njia ya baiskeli pembeni. Kwamba magari na meza za biashara huivamia ni kweli, lakini ipo, na anayeidai ana kitu cha kuonyesha kidole.

Msafara mwingine ni Twende Butiama. Waendeshaji huondoka Dar es Salaam, huvuka mkoa baada ya mkoa kwa zaidi ya kilomita 1,000, na hulenga kufika Butiama kwa ajili ya tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Njiani hupanda miti na kutoa huduma vijijini. Una nguvu moja ambayo resi za Mwanza hazikuwa nayo: tarehe yake imefungwa kwenye kumbukumbu ya taifa, si kwenye mkataba wa tangazo. Wadhamini wanakuja na wanaondoka, 14 Oktoba inarudi.

Je, wajua kwamba jiji la Bogotá huwafungia magari barabara kila Jumapili?

Walianza Desemba 1974, kwa maandamano ya wapanda baiskeli katika mji mkuu huo wa Colombia. Mpango ukapata baraka za serikali, kisha ukadhoofika, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa umebaki na kilomita chache tu. Idara ya michezo ya jiji ikaushika upya, na leo barabara za zaidi ya kilomita 100 huachiwa watu wa miguu na baiskeli, Jumapili kwa Jumapili, mvua isipozidi. Kigali walianza siku yao isiyo na magari 2016, kwanza mara moja kwa mwezi, kisha mara mbili. Gharama yake si kubwa: ni vizuizi vya barabarani, askari wa usalama, watu wa kujitolea, na kiongozi asiyeogopa kulalamikiwa na wenye magari kwa saa chache.

Je, wajua kwamba baiskeli ina siku yake duniani, na kwamba inaangukia msimu mzuri wa Kigoma?

Umoja wa Mataifa uliitangaza Aprili 2018, na siku yenyewe ni 3 Juni. Huku kwetu mvua za masika huwa zimekwisha, vumbi halijawa baya, na asubuhi kunakuwa na ubaridi kutoka ziwani. Kutoka stesheni ya reli ya Kigoma, iliyofikiwa na treni tangu 1914, kupita Mwanga mpaka Ujiji penye kumbukumbu ya Livingstone ni mwendo usiofika kilomita 10, na ni lami. Mtoto wa darasa la sita anaumaliza. Bibi aliyekaa kwenye keria ya mjukuu anaumaliza.

Nasema hivi kwa manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa shule, kwa misikiti na makanisa, na kwa mafundi wa Gungu: msingoje mfadhili. Mkimpata, mkaribisheni, ila tarehe na njia viwe mali ya mji. Na kundi la kwanza kuandikishwa liwe la wasafirishaji wa mawese, wakiwa na keria zao na madumu yao, yaliyojazwa maji siku hiyo badala ya mafuta. Nani atatoka Mwandiga hadi Ujiji na madumu matatu bila kumwaga? Hiyo ndiyo resi ambayo watu wa Kigoma wangeacha kazi kuja kuitazama, na hakuna mkoa mwingine wenye washindani wa kiwango hicho.

Je, wajua kwamba kuna resi ya baiskeli ambayo anayefika mwisho ndiye mshindi?

Ni mchezo wa zamani wa sherehe katika nchi nyingi. Mnachora mistari ya umbali wa mita 30 au 50, kila mmoja na njia yake kama upana wa mlango. Filimbi ikilia, mnaondoka, na kazi yako ni kuchelewa. Ukikanyaga chini umetoka. Ukivuka njia ya mwenzako umetoka. Ukirudi nyuma umetoka. Kijana mwenye nguvu mara nyingi hutoka wa kwanza, kwa sababu baiskeli ikipungua mwendo inataka mizani, na mizani hufundishwa na mzigo. Mama aliyezoea kupita katikati ya soko la Mwanga na ndoo ya dagaa nyuma, bila kushuka na bila kumgusa mtu, atawashinda wengi. Uwanja wa Lake Tanganyika una nafasi ya kutosha kwa njia kumi na zaidi, na chokaa ya kuchorea mistari inapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi.